Muhogo wa Usiku Mmoja

Feza,

Uko kwa jirani unasukwa nywele, na nywele zako ninavyozijua, hutarudi kabla jua halijashuka. Mama yako amekwenda kukununulia sabuni. Kwa hiyo nina mchana mzima, na nina daftari lako la zamani la jografia, lenye kurasa nyingi nyeupe kwa sababu jografia hukuipenda. Usikatae, ushahidi ninao mkononi.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutopanda pikipiki ya mtu aliyelewa kule Ubundu, mama yako amezisema tangu Jumapili, na kesho asubuhi atazisema tena mashua ikiondoka mpaka injini imfunike sauti. Mimi sizirudii. Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo tumboni muda mrefu kuliko mama yako alivyokaa na wewe.

Nianze kwa kujisifu kidogo, maana usiponisikia nikijisifu utadhani barua imeandikwa na mtu mwingine. Baba yako ni fundi wa pikipiki ambaye Mikelenge nzima inamjua. Injini ikinipita barabarani nasikia ugonjwa wake kabla ya mwenyewe. Nilisoma miaka miwili ya sekondari, kisha vita ikafunga shule, na katika miaka hiyo miwili nilikuwa wa kwanza darasani: wa kwanza kutoka nje kengele ikilia. Lakini biolojia niliipenda. Mwalimu hakuwa na kitabu. Alichora seli ubaoni kwa kipande cha chaki, mviringo mkubwa na ndani yake mviringo mdogo, akasema, "Kila chenye uhai kimejengwa hivi. Mtu, mbuzi, muhogo." Nikainua mkono nikauliza kama na mwalimu amejengwa kama mbuzi. Nilichapwa. Lakini mchoro ulinikaa kichwani, pamoja na sentensi moja ya siku nyingine: moto huua vijidudu. Hiyo ndiyo biolojia yangu yote, mviringo mmoja na sentensi moja. Kwa sentensi hiyo nilimlemaza shangazi yako.

Soma tena ukitaka. Nimeandika nilichotaka kuandika.

Wewe unajua habari nyingine. Unajua kwamba shangazi Mwamini alianguka akikimbia risasi wakati wa vita, mgongo ukavunjika. Kila mtu anajua hivyo. Wewe hata uliiandika kwenye karatasi ya kuomba nafasi ya chuo kikuu Kisangani: kwamba unataka kusomea mwili wa binadamu kwa sababu vita ilivunja mgongo wa mwanamke aliyekulea. Ukanisomea, ukitaka nikusahihishie Kifaransa. Mimi! Nikasema ni nzuri, usiguse kitu.

Umempaka shangazi mafuta ya mawese mgongoni tangu ukiwa na miaka saba. Je, uliwahi kuona kovu? Wewe unayeuliza maswali mpaka padri anajificha, hilo hukuuliza. Sikulaumu. Niliitengeneza habari ile vizuri, mimi ni fundi.

Wakati ule mji ulikuwa umefungwa. Kulikuwa na watu wenye bunduki ndani, na wengine wenye bunduki msituni, na sisi katikati yao. Baiskeli za chakula hazikuingia tena kutoka vijijini. Wazazi wetu walikuwa Kalima, ambako baba alikuwa anachimba kasiteriti, mawe ya bati, na njia ya kurudi haikuwepo. Nyumbani tulibaki wawili. Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa, alikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na sita na kelele nyingi. Tulikuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba, linashuka mpaka kijitoni, nalo lilikuwa na muhogo mchungu tu.

Unajua muhogo mchungu unavyotendewa, umekulia humo. Wanawake wanauchimba, wanaulaza kijitoni, wanaukandamiza kwa mawe, wanahesabu. Siku ya nne wanaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama, unatolewa, unamenywa, unaanikwa, unatwangwa. Yaya alikuwa anabonyeza kipande kimoja kimoja, hata kama vipo sitini. Kilicho kigumu kilirudi majini. Mimi nilikuwa nakaa juu ya jiwe namcheka, namwambia anaiamkia mihogo kama wakwe.

Sasa wale wenye bunduki nao walijua kuhesabu mpaka nne. Siku ya nne walishuka kijitoni kabla ya wanawake. Mara mbili tulikuta mawe tu. Mara ya tatu Mwamini alikaa ukingoni, hakulia, akaanza kuyapanga yale mawe.

"Weye unawapikia bale," nikamwambia. "Unalowesha, bao banakula."

"Sasa nifanye nini?"

"Tunaloweka nyumbani, ndani ya ndoo, usiku moja tu. Asubuhi tunachemsha."

"Muhogo ya usiku moja iko mukali, Yuma. Mama alisema..."

"Mama alisema, mama alisema. Mama alisoma wapi? Ule ukali njo vijidudu. Moto unaua vijidudu. Miye nimesoma hii kitu, yaya. Weye uliishia darasa ya tatu."

Aliacha kupanga mawe.

"Kweli mulisoma hivyo?"

"Kweli kabisa. Ubaoni."

"Basi, Docta," akasema. Hakunitania, Feza. Aliliita lile jina kama watu wanavyoliita hospitali.

Usidhani shangazi yako alikuwa mjinga. Vidole vyake vilikuwa vinajua. Ila alikuwa na mdogo wake aliyesoma, na alijivunia hilo kuliko mimi mwenyewe, kwa hiyo akavinyamazisha vidole akasikiliza mdomo wangu.

Tukaanza. Ndoo jioni, moto asubuhi, tunatwanga ungali na maji, tunasonga bugali. Ulikuwa mchungu. Nikamwambia uchungu ni kama kinini, unazuia malaria. Tulikuwa tukila kichwa kinagonga, na mara nyingine yeye alitapika. Nikamwambia hiyo ni njaa inatoka. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Mvua zilianza tukila hivyo, na zilikuwa bado hazijaisha.

Hapa ningeweza kuweka kalamu. Kijana asiyejua, vita, njaa: ungeshanisamehe kabla hujafika Ubundu. Lakini kuna habari ya samaki.

Mchana nilikuwa nateremka mtoni kuwasaidia wavuvi kuvuta nyavu. Walinilipa samaki, ngolo wawili, siku nzuri watatu. Siku ya kwanza nilikuwa napanda nao nyumbani, askari wakanisimamisha wakawachukua wote. Nikamwambia yaya, "Askari wamechukua," na ilikuwa kweli. Siku ya pili hawakuwepo njiani. Lakini nilikuwa nimekwisha choma samaki wangu palepale ukingoni, nikala mpaka kichwa, nikanawa mikono kwa mchanga, na sentensi ilikuwa bado iko mdomoni, haijachakaa. "Askari wamechukua." Niliitumia msimu mzima. Yaya alikuwa anasema, "Pole, Yuma, na kazi yote ile," kisha ananipakulia bugali sehemu kubwa, kwa sababu mimi ndiye niliyefanya kazi.

Asubuhi moja alichuchumaa kupuliza moto, akataka kusimama.

"Yuma, miguu yangu imelala."

Alikuwa anacheka. Nikacheka na mimi, nikamwambia aiamshe. Haikuamka. Hakuwa na kidonda, hakuwa na maumivu, hakuwa na homa. Nilipomwinua, magoti yaligongana na visigino vikakataa kugusa chini. Jana yake alikuwa amebeba ndoo ya maji kichwani kutoka kijitoni. Tangu asubuhi ile anatembea unavyomjua, kwa ncha za vidole, magoti yakipishana, fimbo mbele.

Jirani yetu, mama mmoja mzee, alisikia nikiita akaja. Hakuuliza habari za uchawi, hakuuliza habari za risasi. Alifunua sufuria, akanusa, akauliza, "Munakula muhogo ya siku ngapi?"

"Ine," nikasema. "Alianguka jana jioni, risasi zililia akakimbia, akaanguka na mugongo."

Mwamini alinisikia. Alikuwa amelala mkekani, hakusema kitu. Sijui alinyamaza kwa ajili yangu au kwa sababu alikuwa bado anangoja miguu iamke.

Na uone hili, kwa sababu utalitafuta mwenyewe usipolisoma kwangu. Tangu siku ile nilirudia kulowesha siku nne. Nililala kijitoni na panga kulinda mihogo, mimi niliyesema siku nne ni mambo ya mama. Mtu asiyejua kitu hafanyi hivyo. Sikujua kwa nini, ila nilijua nini.

Miaka ikapita. Vita iliisha, wazazi walirudi, mimi nikaenda machimbo ya Kama kutafuta dhahabu nikarudi na malaria, nikaoa, ukazaliwa, na Mwamini akakubeba kwa mgongo ule ule niliosema umevunjika. Hakuna aliyeshangaa.

Kisha mwaka jana ukajiandaa na mtihani wa Serikali. Labda umesahau mchana ule, mimi sijausahau. Ulikuwa umekaa kizingitini unasoma kwa sauti. Shangazi alikuwa mkekani anachambua sombe, majani ya muhogo. Mimi nilikuwa na karabureta ya mtu mapajani.

"Baba, unajua muhogo hauna sumu?"

"Nani alikudanganya?"

"Hauna. Iko na vitu viwili. Seli iko kama nyumba, iko na vyumba. Kimoja kimefungiwa chumba cha ndani. Kile cha kukifungua, enzimu, kinakaa kwa ukuta. Havionani hata siku moja. Panya akiuma, ukuta unavunjika, vinakutana, njo sumu inazaliwa pale pale ndani ya mdomo ya panya."

"Mujanja kama miye," nikasema.

"Na kulowesha siku nne, baba, njo kubomoa zile kuta pole pole. Vinakutana ndani ya maji, sumu inaenda na maji na hewa. Ile harufu ya kijitoni, njo hiyo. Lakini ukichemsha mapema, moto unaua enzimu. Ile kitu ingine inabaki nzima, unaimeza, inafunguliwa ndani ya tumbo."

Karabureta niliiweka chini. Sentensi yangu ilikuwa ya kweli, Feza. Moto huua. Ulimuua mwenye ufunguo, ukamwacha mwingine ndani ya nyumba yake, tukammeza na nyumba.

Shangazi yako hakuinua uso. "Na mwili?" akauliza. "Mwili hauna kitu ya kujisaidia?"

"Iko nayo, shangazi. Ini inaweza kusafisha ile sumu. Lakini inahitaji salfa, na salfa inatoka kwa nyama, maharage, samaki. Muntu asiyekula hivyo, akikula muhogo mubaya kila siku, sumu inashinda, inaharibu zile nevu za kupeleka amri kwa miguu. Anaamka siku moja miguu imekauka. Wanaita konzo."

"Rudia hapo pa samaki," shangazi akasema.

Ukarudia. Ulifurahi kupata mwanafunzi. Ukasema shangazi naye atafanya mtihani wa Serikali, utamnunulia sare. Mimi nilisimama nikasema kuna mteja ananiita. Mteja hakuwepo. Nilikwenda nikasimama nyuma ya choo kama mtoto aliyevunja sahani, na niliporudi sombe ilikuwa imekwisha chambuliwa na Mwamini anakuuliza salfa ina rangi gani.

Hakuniambia neno. Mimi pia sikumwambia neno. Tuliishi hivyo, tunasalimiana, tunakula sahani moja, mpaka jibu lako lilipotoka Kisangani na nyumba ikajaa vigelegele. Siku iliyofuata, mchana, nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anatwanga.

"Yaya," nikasema, "ule muhogo."

"Nilisikia. Masikio haikukauka."

"Na samaki..."

"Samaki nilijua kutoka zamani. Vidole vyako vilikuwa vinanuka. Weye uliwaza muchanga unatosha?"

"Mbona haukusema?"

Alitwanga mara mbili, tatu. "Nilisema, kesho ataleta. Kila siku nilisema, kesho ataleta."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata na majibu. Badala yake akanyoosha kidole gumba juu, akakitazama, akacheka kidogo. "Lakini vidole vyangu vilikuwa na haki, ee? Siku ine. Kubomoa kuta." Alifurahi, Feza. Baada ya miaka yote hiyo kuna mtu alimwambia vidole vyake vilikuwa vinajua biolojia. Nimewahi kuona watu wakifa na sikuogopa kama nilivyoogopa ile furaha.

Kisha akauliza, "Mutoto anajua?"

"Hapana."

"Anaenda kusoma miili ya bantu miaka yote ile, na huu wa hapa nyumbani hajui? Mwambie."

"Kwa mudomo siwezi, yaya."

"Basi andika. Si ulisoma?"

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikuwa na wazo jema, nilitumwa.

Kwa hiyo kwenye ile karatasi yako, futa mgongo. Mgongo wake ni mzima. Hata miguu ni mizima: ukimfinya anasikia, na kofi lake unalijua. Kwa lugha yangu ya ufundi, injini nzima, gurudumu zima, waya wa katikati umeungua. Mimi nimefungua injini nyingi kuliko wewe ulivyofungua madaftari, na waya ule siwezi kuubadilisha. Labda huko wanajua. Labda hawajui. Ukiuliza, uliza habari ya waya na muhogo, usiulize habari ya risasi, watakupotezea muda.

Sikuombi uache kujivuna. Umenitoka mimi, ingekuwa kazi bure, ni kama kumwomba mbuzi asilie. Ninachojua ni kidogo. Mimi nilikuwa na sentensi moja ya kweli nikaitumia kumnyamazisha mtu mwenye vidole. Wewe unakwenda kuchukua sentensi nyingi, nzuri kuliko yangu, na siku moja utasimama kijijini, Pangi au Kabambare, mbele ya mama anayehesabu siku na hajui kwa nini anahesabu. Muulize kwanza ameonaje. Ukimaliza kumsikiliza, mwambie kwa nini. Usiende kinyume chake, mimi nimekwenda, nimerudi.

Na ya samaki sina maelezo. Nimeyatafuta. Njaa si maelezo, yeye pia alikuwa na njaa. Mwili wangu ulipata salfa yake, wa kwake haukupata, na kati ya miili ile miwili kulikuwa na mwendo wa dakika ishirini kutoka mtoni.

Basi, baada ya kunituma niandike, Mwamini alisema jambo moja zaidi. Alisema, "Na samaki yangu?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wiki hii nilivuka mto kwenda Alunguli, kwa wavuvi, nikawaomba wanivutishe nyavu. Walinicheka, fundi mwenye tumbo. Nilivuta mpaka mikono ikachubuka, nikapata ngolo wawili wakubwa, nikawakausha kwa moshi siku mbili bila kuonja. Jana mchana nikampelekea. Aliwapokea kwa mikono miwili kama mgeni anavyopokewa. Mmoja akamfunga kwa majani, akasema huyu wa Feza. Wa pili akampika na mawese, akakaa na bugali wake, muhogo wa siku nne, akaanza kula. Polepole, mfupa kwa mfupa. Mimi nilikaa mbele yake. Nilidhani ndivyo mambo yanavyoisha, watu wanakula pamoja. Nikanawa mikono, nikanyoosha mkono kwenye sahani.

Akaisogeza sahani upande wake.

"Weye ulishakula," akasema.

Akamaliza peke yake, mpaka kichwa.

Barua hii nitaiweka juu ya madaftari yako, si chini, uione leo. Kesho asubuhi kwenye mashua nitakuwa nimesimama nyuma ya shangazi, nimeshika mwavuli wake. Utamuaga yeye kwanza, kama kawaida. Ukifika kwangu, fanya unavyoona. Ukinipita, nitajua umesoma yote. Ukinisalimia, nitajua umeruka kurasa, kama mimi shuleni, au umesoma yote na umenisalimia tu. Ya mwisho siiombi. Naiandika kwa sababu ipo.

Unga uko katika mfuko mwekundu. Muhogo wake shangazi ameulowesha mwenyewe, ameubonyeza kipande kimoja kimoja, mimi nilibeba maji. Samaki yuko chini yake, kwenye majani. Usimgawie mtu njiani mpaka uwe umekula wewe. Sisi hapa usitufikirie.

Mimi nilishakula.

Baba yako,
Yuma